Shingo ya Mazengo

Jumamosi ile nilikuwa na saa mbili hivi za kumzuia mdogo wangu asiondoke mara ya pili.

Mara ya kwanza aliondoka mwaka 1978, kwenda vitani, akiwa na miaka kumi na tisa. Hakurudi. Picha ya studio hatukuwa nayo. Mama alisema tutapiga akirudi, familia nzima, na mimi nilishachagua hata gauni. Kwa hiyo sura ya Mazengo imebaki mahali pamoja tu, kwenye bango la sinema, kona ya chini kushoto, amesimama na fimbo begani na mbuzi wanne nyuma yake. Na asubuhi ile bango hilo lilikuwa juu ya meza katika ukumbi wa hoteli hapa kwetu Makole, Dodoma, likisubiri kuviringishwa na kutiwa kwenye bomba la plastiki. Mwanamke mmoja, Bi Miriam, alikuwa amekuja kulichukua kwa niaba ya tajiri wa nje anayekusanya mabango ya zamani. Treni yake ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa ya saa saba mchana, na baada ya hapo ndege. Mimi niliingia ukumbini saa nne na nusu, nimeshikwa mkono na mkamwana wangu Anjelina, kwa sababu jicho langu la kushoto halijatulia vizuri tangu lifanyiwe upasuaji.

"Likishapanda treni, mama, ndiyo basi tena," Anjelina alisema tukiwa mlangoni.

Nilimjibu kwamba hilo ninalijua, na anishike mkono vizuri, ngazi zile zilikuwa zimepigwa deki muda si mrefu.

Nieleze bango lilifikaje kwangu, maana bila hilo haya mengine hayataeleweka. Miaka kumi na sita nilikata tiketi kwenye ukumbi wa sinema hapa mjini, ambao siku hizi ni ghala la magodoro. Filamu ikimaliza zamu yake, bango lake lilitupwa. Nikaanza kuomba. Leo ninayo sitini na matatu, kwenye masanduku mawili ya bati, kila bango limelazwa juu ya gazeti, na majani makavu ya mwarobaini katikati. Marehemu mume wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba mke wake ameolewa na waigizaji, yeye pale ni mpangaji.

Hili la Mazengo ni adimu kuliko yote. Filamu yenyewe ilipigwa mwaka 1974 huko Ihumwa, karibu na reli. Walitaka kijana mwenye mbuzi apite nyuma ya mwigizaji mkuu, wakamkuta mdogo wangu na mbuzi wa baba. Walimpa soda mbili na mkate. Filamu ilionyeshwa wiki tatu, kisha mikanda yake ikapotea, na mpaka leo hakuna ninayemjua aliyewahi kuiona tena. Mabango yalichapwa machache. Sisi tuliletewa mawili. La nje liliisha na jua. La ndani, lililokuwa kwenye ubao kando ya dirisha langu la tiketi, nikapewa mimi.

Siku Mazengo anaondoka aliomba alione. Nikalitandaza kitandani. Akaicheka miguu yake, akasema mchoraji amempa miguu ya korongo. Mwanangu Nathanaeli, ambaye ndiye mume wa huyu Anjelina, alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Akasogea, akashika ukingo wa karatasi, akavuta. Bango likachanika kutoka ukingoni kushoto mpaka shingoni kwa yule kijana wa mbuzi. Mazengo akamnyanyua mtoto juu, akamwambia, "Mjomba, umenichinja." Tulicheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini.

Jioni ile, Mazengo akiwa ameshaondoka, nilikata pembe ya kanga yangu mpya, nyekundu, ambayo hata maji ilikuwa haijaonja. Nikapika uji mzito wa unga wa ngano, nikatia maji ya mwarobaini ili wadudu wasile, nikabandika kiraka kwa nyuma. Yale maneno aliyomwambia mtoto yalikuja kunichoma baadaye, lakini kiraka kilishika vizuri.

Sasa Hamidu. Hamidu ni fundi wa fremu wa Nkuhungu, mtu wa miaka arobaini na kidogo. Alianza kuja kwangu kwa ajili ya kuangalia tu, kisha akaja kujifunza, na kwa miaka miwili hakukosa Jumamosi. Nilimfundisha kupika uji wa kubandikia, kulainisha mkunjo, kushika karatasi ya zamani kwa viganja badala ya vidole. Akanipita. Ana mkono mwepesi sana. Ananiita Bibi, na anajua hata sufuria zetu zinakaa wapi.

Mwaka jana mwezi wa kwanza, mimi nikiwa nimelazwa kwa ajili ya macho, mvua ilitoboa bati na kuingia kwenye sanduku moja. Anjelina alimwita Hamidu kwa nia njema kabisa. Hamidu akaondoka na mabango sita mabichi akayakaushe, akarudisha matano, akasema alichukua matano. Anjelina hakuwa ameandika popote. Nani angemwandikia Hamidu? Niliporudi nikafungua sanduku, nikahesabu, nikahesabu tena. La Mazengo halikuwemo. Hamidu alinipa pole, akasema labda maji yalilisaga lile moja likatoka na matope. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala nyingine. Na Anjelina kwa mwaka mzima alikuwa akiniwekea chakula mezani bila kunitazama usoni.

Ndiyo maana ninamheshimu kwa alilofanya Ijumaa. Tangazo la maonyesho ya mabango kwenye hoteli ile lilipita kwenye simu yake, kwenye kundi la kwaya, na picha ya bango imewekwa, pamoja na habari kwamba limepata mnunuzi wa nje na litaondoka Jumamosi kwa treni ya mchana. Angeweza kulifuta na kunyamaza. Aliniletea simu nikiwa ninachambua mchicha, akanionyesha namna ya kuikuza picha kwa vidole viwili. Nikaikuza mpaka nikamwona.

Tulipoingia ukumbini, Hamidu alikuwa wa kwanza kuniona. Hakukimbia wala hakubadilika rangi. Alikuja na kiti mkononi.

"Shikamoo, Bibi. Kaa hapa, kule kuna feni itakuumiza jicho."

Niliitikia marahaba, nikakaa. Kisha nikamwambia Bi Miriam, mwanamke mrefu aliyevaa glavu nyeupe za pamba, kwamba bango lile ni langu na yule pale kwenye kona ni mdogo wangu.

Hamidu hakunikatiza. Nilipomaliza, ndipo akamweleza Bi Miriam kwa sauti ya upole kabisa kwamba mimi ni mwalimu wake, kwamba nililipoteza la kwangu kwenye mvua, kwamba macho yangu yamepasuliwa juzijuzi, na huzuni ikizidi mtu huona kitu chake kila mahali. Hili la mezani, alisema, lilitoka kwenye sanduku la marehemu mmoja huko Kondoa, halijawahi hata kutundikwa. Akaonyesha kadi aliyoiandika kwa mkono wake mzuri na kuiweka kando ya bango: halijachanika, halina tobo, halina kiraka. Ndicho kilichokuwa kimemleta Bi Miriam kutoka mbali. Bango la namna hiyo, la umri huo, likiwa zima.

Nikainama kuangalia shingo. Ule mstari wa mchaniko, ambao ningeuona hata gizani, haukuwepo. Rangi ilikuwa sawasawa kutoka bega mpaka kidevu. Niseme ukweli, kwa muda nilitetereka. Nilijiuliza kama kweli kulikuwa na bango jingine, na mimi ni kikongwe niliyekuja kumwaibisha mtu. Kisha nikaangalia kwa jicho zima, karibu kabisa, nikaona kwamba ile rangi ya ngozi ya Mazengo ilikuwa mpya kidogo kuliko rangi ya mbuzi wake. Hamidu alikuwa ameiziba kwa brashi. Kazi safi mno.

Bi Miriam akasema maneno ya haki. Hawezi kubeba kitu chenye ugomvi, lakini pia hawezi kukiacha kwa sababu mama mzee amekuja na machozi. Akaniuliza nina nini cha kuonyesha.

Nikasema nyuma kuna alama yangu.

Hamidu akatikisa kichwa kwa masikitiko. Bango lote, alisema, amelibandika juu ya kitambaa cha turubai kwa gundi ya kiwandani ili lisivunjike. Kulibandua ni kuliua. Akasema Bibi mwenyewe anajua hivyo, yeye ndiye aliyemfundisha kwamba karatasi ya zamani haiulizwi maswali.

Nikaomba niguse ukingo. Hamidu akasema hapana, Bi Miriam akasema aache. Nikalowesha ncha ya kidole, nikasugua pale kwenye kitambaa ambapo gundi ilikuwa imejitokeza kidogo, nikaonja.

"Gundi ya kiwandani," nilisema, "huko wanatia mwarobaini siku hizi?"

Anjelina alicheka puani. Hamidu alitazama viatu vyake, kisha naye akacheka kidogo, akakiri kwamba ametumia uji wa Bibi, angetumia wa nani? Lakini uji kuwa wa Bibi, alisema, hakulifanyi bango kuwa la Bibi. Na hapo alikuwa na haki. Nilichokuwa nimepata ni kimoja tu, kwamba kitambaa kile kinabanduka kwa maji ya moto.

Bi Miriam akachana ukurasa kwenye daftari lake, akanipa penseli. Akaniambia nisitamke neno, niandike ni alama gani na ipo wapi, halafu tufungue kona ile tu. Nikaandika kwa mwandiko wangu wa darasa la saba, nikikinga kwa mkono kama kwenye mtihani. Akasoma, akakunja karatasi, akaitia kwenye mkoba wake. Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Dereva wake, Fredy, alikuja kusema kwamba barabara ya stesheni ina msafara wa viongozi, inabidi waondoke kabla ya saa sita na nusu.

Hamidu alikataa kubandua. Alisema hatashika kazi ya kuharibu. Basi nikashika mimi.

Tuliletewa jagi la umeme kutoka jikoni, na taulo mbili safi. Tukaligeuza bango kifudifudi juu ya taulo, Mazengo akalala uso chini, nikawa simwoni tena. Mwenyewe nilikuwa nimekuja na kijiko changu cha mti, kile chenye mpini bapa alichokichonga mume wangu. Kazi ile haina siri. Unaloweka kona ya taulo kwenye maji ya moto, unaikamua mpaka iwe na mvuke tu bila matone, unailaza juu ya kitambaa, unahesabu mia moja, kisha unaingiza mpini taratibu na kusikiliza. Ukisikia kama mtu anayeng'oa mkeka mkavu, umewahi mno, unarudia. Ukisikia kimya, unasogea.

Anjelina alihesabu. Mimi nilisikiliza. Hamidu alisimama upande wa pili wa meza, mikono nyuma.

Kona ilifunguka kwa dakika kumi. Karatasi ikaonekana chini yake, kijivu, safi. Upana wa vidole viwili. Kisha vitatu. Mvuke ulinipanda jichoni, Anjelina akawa ananipangusa kwa upindo wa kanga yake kila akifika mia. Saa sita kasoro dakika tano nilikuwa nimepanda shibiri moja kutoka kona, ninafuata ukingo wa kushoto. Kiraka changu kilikuwa mbele yangu vidole vinne tu. Fredy akaingia tena, akamnong'oneza bosi wake, akatoka.

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Nilikumbuka fulana ya mume wangu. Wiki moja baada ya Mazengo kuondoka niliifua ile kanga mpya pamoja na fulana nyeupe ya kazini, na fulana ikatoka ya waridi. Mume wangu aliivaa hivyohivyo mwezi mzima na wenzake walimwita bibi harusi. Kanga ile ilichuja vibaya ikiguswa na maji ya moto. Na pembe niliyoikata haikuwa imefuliwa hata mara moja. Rangi yake yote ilikuwa bado ndani, nyekundu, imelala miaka arobaini na kitu nyuma ya shingo ya mdogo wangu, inasubiri maji ya moto.

Mkono ulisimama. Anjelina akaendelea kuhesabu, akafika mia, akaniangalia.

Nikiacha, nilichofungua ni karatasi tupu. Bi Miriam ataona mama mzee amehangaika nusu saa nzima na hakuna kitu, atafunga bango lake, na Mazengo ataondoka na treni ya saa saba kwenda kutundikwa kwenye ukuta wa mtu asiyejua hata jina lake. Nikiendelea, ushahidi utatoka, na huenda ukatoka pamoja na uso. Sikuwa na picha nyingine. Vidole vinne.

"Mama," Anjelina alisema polepole, "tunaendelea?"

Nililoweka taulo. Nikalikamua. Niliona mikono yangu inatetemeka, lakini ilikuwa inakwenda. Nililinyanyua taulo lile, linafuka, nikalishusha.

Hamidu alinishika kifundo cha mkono. Alikuwa amezunguka meza nzima na sikumsikia.

"Bibi, acha. Hiyo kanga inachuja. Itamwingia usoni."

Jagi la umeme lilikuwa linachemka, likajizima lenyewe kwa ule mlio wake mdogo.

Bi Miriam akafungua mkoba, akatoa karatasi, akaikunjua, akaisoma kwa sauti: "Kiraka cha kanga nyekundu, nyuma ya shingo ya kijana wa mbuzi." Kisha akaitazama ile kadi ya mwandiko mzuri. Akauliza, "Kanga gani, Hamidu?"

Sidhani hata kama Hamidu alimsikia. Alikuwa ameshachukua taulo kutoka mkononi mwangu na kulitupa sakafuni, akaingiza viganja vyake chini ya bango, akaligeuza kama mtu anayegeuza mtoto mgonjwa, akainama juu ya ile kona. Aliangalia shingo, akaangalia shavu, akapulizia pumzi kidogo, akaangalia tena. Nami niliangalia. Mazengo alikuwa mzima, fimbo begani, miguu ya korongo.

Hamidu alipoinua kichwa akatuona sote tunamtazama, ndipo alipoelewa. Akakaa kwenye kile kiti alichoniletea mimi.

Alisema maneno machache. Kwamba alilichukua akalikaushe, na kila Jumamosi alijiambia atalirudisha wiki ijayo. Kisha akaanza kulitengeneza. "Nikishalitengeneza, Bibi, sikuweza tena." Baadaye ujumbe wa yule tajiri ukaja, na Kondoa ikajitunga yenyewe. Anjelina alitaka aitwe mwenyekiti wa mtaa palepale, ikiwezekana na polisi. Nilimwambia kwanza tubebe kilichotuleta. Bi Miriam aliniomba apige picha moja kwa simu yake, nikamruhusu. Alimshika Mazengo begani kwa kidole chenye glavu, juujuu, akaniuliza anaitwa nani, nikamwambia. Saa sita na robo Fredy alitoka na lile bomba la plastiki, tupu.

Bango lilirudi nyumbani likiwa bado limeshikwa na kitambaa cha Hamidu, isipokuwa ile shibiri moja niliyoifungua. Na ile shibiri ikawa adhabu. Kila siku kona ilijikunja zaidi. Nilijaribu kuilaza kwa vitabu, ikavimba pembeni. Nilichukua brashi mara mbili, na mara zote mbili nikaiweka chini, maana mikono ile iliyotetemeka hotelini haijaacha kutetemeka, na kile kiraka kipo vidole vinne tu kutoka mahali unapotakiwa kuishia na unyevu. Mawingu ya mwezi wa kumi na mbili yalishaanza kukaa juu ya mji. Hapa Dodoma mtu mmoja tu anaweza kuimalizia kazi ile, na ninyi mnamjua.

Ilinichukua wiki tatu kukubali aitwe. Mambo ya polisi niliyaacha, kwa sababu nilikuwa ninajiuliza swali moja: kama asingenishika mkono, je, ningeshusha lile taulo? Mpaka leo nikilala ninauona mkono unakwenda.

Nilimwambia Anjelina ampigie. Alibana midomo, akapiga.

Jumamosi saa tatu Hamidu alisimama uani kwetu, brashi yake imo kwenye mfuko wa nailoni, hajui aingie au asimame. Anjelina alikuwa ameweka kiti mlangoni kabisa, amekaa, miguu ameinyoosha kuziba njia, na hakuonyesha dalili ya kuikunja. Mimi nilikuwa jikoni ninakoroga. Aliniamkia kwa mbali, nikaitikia. Sikumkaribisha. Nilimwambia uji bado haujapoa, asubiri.